Usianze na kadi, anza na kiti

Swali: "Benki tatu zinanipigia simu. Ya kwanza inanipa kadi ya mkopo yenye nembo ya shirika la ndege: maili 1 kwa kila dola, maili 2 kwa kila dola ya tiketi za shirika hilo, ada ya dola 120 kwa mwaka, na maili 30,000 za kunikaribisha nikitumia dola 2,000 ndani ya miezi mitatu. Ya pili ni kadi ya benki yenyewe: pointi 2 kwa kila dola, kila pointi 2 zinageuzwa kuwa maili 1 katika shirika nitakalochagua kati ya kadhaa, ada dola 60. Ya tatu haina maili wala ada, inanirudishia asilimia 1.5 ya ninachotumia. Kwa kadi natumia kama dola 800 kwa mwezi, na ndani yake kuna kama dola 1,200 kwa mwaka za tiketi zangu mbili: ya safari ya peke yangu huwa 640, na ya safari ya familia 560. Ya mume wangu na watoto wawili analipa yeye. Kadi niliyo nayo nalipa yote mara nyingi, ila kuna miezi inabaki. Wanasema ofa inaisha mwisho wa mwezi. Nichukue ipi?"

Jibu:

Dada, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote jicho limekwama mahali pamoja: "kuna miezi inabaki". Maili tutazifikia, lakini tumalizane na hilo kwanza, maana likikaa vibaya, mengine yote ni kupoteza muda.

Chukua riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ambayo kwa kadi za mkopo si ya kushangaza. Zipo zinazozidi hapo. Ni kama asilimia 2 kwa mwezi. Ukibakiza dola 1,000 mwezi mmoja tu, riba ni dola 20. Dola 1,000 hizo hizo zilikuletea maili 1,000, na maili 1,000 kwa matumizi ya kawaida zina thamani ya kama dola 10. Deni la mwezi mmoja limekula maili zako zote na bado linadai nyingine kama hizo.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute. Zile siku 45 au zaidi bila riba zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo ni za mtu aliyelipa taarifa ya mwezi uliopita yote. Benki nyingi, ukibakiza hata kidogo, zinakuondolea muda huo: kila utakachonunua mwezi unaofuata kinaanza kuhesabiwa riba tangu siku uliyokinunua. Nilipokuwa nafanya kazi benki, kitengo cha kadi, simu za malalamiko zilizojirudia kuliko zote zilikuwa za watu wa namna hii. Mteja amebakiza dola 50, anategemea riba ya hizo dola 50 tu, anakuta imepigwa kwenye manunuzi ya mwezi mzima. Hajaibiwa. Hakusoma tu ukurasa wa nne wa masharti, na mimi simlaumu, kwa sababu ukurasa huo umeandikwa ili usisomwe.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kadi yoyote, nenda benki uweke agizo la kudumu: kila tarehe ya malipo, salio lote la taarifa litoke kwenye akaunti yako ya mshahara. Hakikisha fomu inasema salio lote, si malipo ya chini. Visanduku hivyo viwili hukaa jirani. Miezi sita ikipita bila kubakiza hata senti, njoo kwenye maili. Ikishindikana, chukua kadi yenye riba ndogo kuliko zote bila kujali nembo, na maili uzisahau kwa sasa.

Sasa tuseme hilo limekaa sawa.

Maili ni ahadi. Shirika la ndege linaitengeneza, benki inainunua kwa jumla, wewe unagawiwa kwa rejareja. American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, miaka mitatu baada ya Marekani kuachia nauli na njia za ndege zijipange zenyewe sokoni, ili abiria wake wasikimbilie kila mwenye bei ya chini. Siku hizo maili zilikuwa maili kweli: umeruka umbali huu, umepata kiasi hiki. Mwaka 1987 Citibank ikaja na kadi inayotoa maili hizo hizo, na kuanzia hapo mtu akaweza kujaza akaunti ya maili bila kukanyaga uwanja wa ndege. Leo biashara hiyo ni kubwa mno. Mwaka 2023 shirika la ndege la Delta lilipokea karibu dola bilioni 7 kutoka kwa American Express, kampuni ya kadi inayonunua maili zake. Na mwaka 2020, ndege zikiwa zimeegeshwa kwa sababu ya korona, shirika jingine, United, liliweka rehani mpango wake wa maili ili likope. Kwa makadirio yaliyotolewa wakati huo mpango ulikuwa na thamani inayozidi dola bilioni 20, wakati hisa zote za shirika lenyewe sokoni hazikufika hapo. Maili zilikuwa na thamani kuliko ndege.

Nakuambia haya kwa sababu yanakuonyesha umekaa upande gani wa meza. Anayetoa maili ndiye anayepanga zinanunua nini, na anaweza kubadilisha bei usiku wa manane bila kukuuliza. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili mwaka 2015, United ikafuata 2019. Sasa kiti hicho hicho kinaweza kuwa maili 30,000 Jumanne na 75,000 Ijumaa. British Airways tangu Oktoba 2023 inatoa maili zake, ziitwazo Avios, kwa kadiri ya fedha uliyolipa, si umbali uliosafiri. Maili, basi, hazihifadhiwi kama dhahabu. Zitumie ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tena nyingine zinakufa zenyewe: za Emirates Skywards na za KrisFlyer ya Singapore Airlines zina maisha ya miaka mitatu, za AAdvantage zinafutwa akaunti ikilala miezi 24. Za Delta na United hazifi kwa tarehe, zinapungukiwa nguvu tu.

Anayelipia yote haya ni muuza duka. Kila unapopitisha kadi, sehemu ya bei inakatwa na kwenda kwa benki iliyokupa kadi, na humo ndimo maili zinamotoka. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi mwaka 2015, kadi za maili za huko zilikonda. Marekani, ambako makato ya karibu asilimia 2 ni ya kawaida, bado zimenona. Ukitazama video ya kijana anayejisifu kwamba kadi moja imempa maili 100,000, jiulize kwanza anaishi soko gani. Ushauri wake unaweza kuwa wa kweli kabisa na usikufae hata kidogo.

Twende kwenye hesabu yako, maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Unatumia dola 9,600 kwa mwaka. Kadi ya tatu itakurudishia dola 144, hazina masharti, hazifi, zinanunua chochote.

Kadi ya kwanza itakupa maili 9,600 za matumizi yote, na 1,200 za nyongeza kwenye tiketi kama zote ni za shirika hilo. Jumla 10,800. Zina thamani gani? Hapa usikubali kuambiwa na mtu, pima mwenyewe. Ingia kwenye tovuti ya shirika, tafuta ile safari yako ya peke yako, tarehe unayoitaka kweli. Andika bei ya fedha taslimu. Kisha tafuta safari hiyo hiyo kwa maili, uandike maili zinazotakiwa na fedha za juu. Tuseme umekuta maili 40,000 na dola 180 za kodi na tozo. Toa 180 kwenye 640, inabaki 460. Gawa kwa 40,000. Umepata senti 1.15 kwa kila maili. Hiyo ndiyo thamani ya maili kwako wewe, kwa safari hii.

Usiruke zile dola 180. Watu wengi hudhani tiketi ya maili ni ya bure, wanafika ukurasa wa mwisho wanakuta karibu theluthi ya nauli imewasubiri pale. Sehemu ni kodi halisi za viwanja. Sehemu nyingine ni tozo ya shirika lenyewe, ambayo zamani iliitwa ya mafuta, na mafuta yaliposhuka bei jina likabadilishwa, tozo ikabaki. Hutofautiana sana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo kiti chenye maili chache kinaweza kuwa ghali kuliko chenye maili nyingi.

Kwa senti 1.15, maili 10,800 ni dola 124. Toa ada ya 120. Mwaka mzima wa kubeba kadi yenye picha ya ndege umekuachia dola 4, na ile isiyo na picha ingekupa 144.

Lakini mwaka wa kwanza una zile 30,000 za kukaribishwa. Hapo unafika 40,800, yaani kile kiti chako kimoja na chenji kidogo. Umeokoa 460, umelipa ada 120, inabaki 340. Sasa kadi ya kwanza imeishinda ya tatu kwa karibu dola 200. Hii ndiyo siri ya kadi hizi kwa mtu wa matumizi ya kawaida: faida iko kwenye mlango wa kuingilia. Ukishaingia sebuleni hamna kitu kikubwa.

Kadi ya pili ni ngumu kuihukumu. Kwa namba tupu inashindwa: maili 9,600 kwa senti 1.15 ni dola 110, toa ada ya 60, inabaki 50, na haina ukaribisho. Ili iifikie ya tatu, kila maili ingebidi ikununulie zaidi ya senti 2.1. Ila ina kitu ambacho namba hazikionyeshi: haikufungi. Shirika moja likipandisha bei za maili, unapeleka pointi kwingine. Ungekuwa unatumia mara tatu ya unavyotumia, safari zako ni za mashirika tofauti, na kila maili inakununulia kama senti 2, ningekusukuma huko bila kusita.

Hapa utasikia hoja ya daraja la biashara: "Maili zangu zinanipa senti 3 kila moja!" Anakuonyesha tiketi ya dola 2,400 aliyoipata kwa maili 70,000 na dola 250. Hesabu ni sahihi: 2,150 gawa kwa 70,000 ni zaidi kidogo ya senti 3. Swali ni moja tu, je, angewahi kutoa dola 2,400 mfukoni kwa kiti kile? Kama kiwango chake cha juu kingekuwa 1,000, basi amepata kitu chenye thamani ya 1,000 kwake, na maili zake zimemlipa senti 1 na ushee, sawa na wewe uliyekaa nyuma. Simkatazi mtu kunyoosha miguu. Nimefanya hivyo mara moja nikalala njia nzima, na bado naikumbuka. Nakataa tu iitwe akiba.

Jambo la familia yako linaniumiza kichwa zaidi. Watu wanne, hata tukisema maili 35,000 kwa kiti, ni 140,000. Kwa maili 10,800 kwa mwaka utazifikisha baada ya miaka 13, na watoto watakuwa watu wazima wanaojilipia nauli. Ukiacha idadi, kuna tatizo la viti vyenyewe. Shirika halitoi kila kiti kwa maili; linatoa vile linavyoona havitauzwa. Kaa chini usiku mmoja utafute viti vinne, wiki ya kwanza ya likizo ya shule. Utaona kiti kimoja tarehe 3, viwili tarehe 6 vyenye kuunganisha ndege mbili na kungoja kwa muda wa saa kumi na moja, vinne vimejaa tele katikati ya muhula. Maili zinampenda mtu mmoja asiye na haraka. Safari yako ya peke yako ni hiyo. Ya familia ilipieni kwa fedha.

Kuna mipango inayoruhusu wana familia kukusanya maili chungu kimoja. British Airways na Emirates wanayo. Mume wako akiwa anasafiri sana, hapo panaweza kubadilisha hesabu.

Sasa kiti chenyewe. Kabla hujasaini, jua maili za kadi ile zinakufikisha unakokwenda. Si lazima shirika lenye nembo kwenye kadi liruke huko. Mashirika yamejiunga katika miungano mitatu mikubwa, Star Alliance tangu 1997, oneworld tangu 1999 na SkyTeam tangu 2000, na maili za mmoja hununua kiti cha mwenzake. Kwa maili za United unaweza kukaa ndani ya ndege ya Lufthansa au ya Ethiopian Airlines. Avios nazo unaweza kuzihamisha kati ya British Airways, Iberia, Qatar Airways na Finnair. Kiti kile kile, ndege ile ile, kinaweza kuwa na bei mbili tofauti za maili ukikiomba kwa milango miwili tofauti. Ndiyo maana nasema anza na kiti: safari gani, nani anaruka huko, nani rafiki yake, maili ngapi, tozo kiasi gani. Ukishajua hayo kadi inajichagua yenyewe, na ukianza na kadi utaishia kusafiri kwenda mahali maili zinakotaka.

Ukiamua siku moja kuchukua kadi ya pointi za benki, pointi ziache zikae benki mpaka uone kiti kwa macho yako. Nilipoteza pointi 50,000 kwa kutosikia ushauri huu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nautoa kazini. Niliona viti viwili jioni, nikahamisha pointi usiku ule ule, nikaambiwa zitaingia "ndani ya saa 72". Zikaingia siku ya tatu, viti vimeshachukuliwa. Kuhamisha ni njia ya kwenda tu, hakuna kurudi. Zikabaki kwenye shirika ninalolipanda mara moja kwa miaka mingi, mpaka zikafutwa. Siku hizi napiga simu kwanza kuuliza kama wanaweza kunishikia kiti siku mbili tatu. Wapo wanaokubali.

Masharti ya kadi soma mahali pawili tu kama huna subira. Pa kwanza ni orodha ya miamala isiyopata maili. Humo utakuta kutoa fedha kwenye mashine, kamari, kununua fedha za kigeni, mara nyingi kulipa kodi za serikali, na mara nyingine kujaza pochi ya simu. Benki hazikuamka tu na orodha hiyo; zinawajua wawindaji wa maili. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California alinunua vikombe 12,150 vya pudini kwa sababu lebo zake zilikuwa zinabadilishwa kwa maili, akapata zaidi ya maili milioni 1.2. Miaka kadhaa baadaye serikali ya Marekani ilikuwa inauza sarafu za dola moja kwa bei yake ile ile na kumfikishia mtu nyumbani bure. Wajanja wakazinunua maboksi kwa maboksi kwa kadi, wakavuna maili, wakazipeleka sarafu benki moja kwa moja kulipa deni la kadi. Mwaka 2011 mauzo hayo kwa kadi yakasimamishwa. Kila mstari kwenye orodha ile una mtu wake.

Na kutoa fedha kwenye mashine kwa kadi ya mkopo usifanye hata kama hukuwa unafuata maili: ada inakatwa pale pale, na riba inaanza siku hiyo, hakuna muda wa bure.

Mahali pa pili ni aina ya biashara. Kadi inayotangaza "maili mara tatu kwenye migahawa" haijui umekula nini. Inasoma namba ya tarakimu nne ambayo mashine ya muuzaji imesajiliwa nayo. Mgahawa ni 5812, duka kubwa la vyakula 5411, kituo cha mafuta 5541. Ukila kwenye mgahawa wa hoteli na mashine ikawa ya hoteli, umelipia hoteli. Ukinunua unga kwenye duka la kituo cha mafuta, umenunua mafuta. Kupigia benki simu kulalamika juu ya hili ni kupoteza asubuhi.

Kwa kuwa unasafiri, uliza pia makato ya matumizi ya nje. Kadi nyingi zinaongeza hadi asilimia 3 kwa kila malipo ya fedha za kigeni, na maili 1 kwa dola haiwezi kufidia hiyo hata ukiibembeleza. Kuna mtego mwingine unaohusiana na huo. Mhudumu anakuletea mashine, kwenye kioo kuna namba mbili, moja kwa fedha za nchi uliyomo na nyingine kwa fedha za kwenu, anakuambia kwa upole "chagua ya kwenu, utaielewa". Chagua ya nchi uliyomo. Ile nyingine imebadilishwa kwa kiwango cha mwenye mashine, na faida ni yake.

Launji za uwanja wa ndege, bima ya safari, begi la ziada: vizuri kuwa navyo, lakini kwa safari mbili kwa mwaka usivilipie ada. Bima uisome kwa makini, mara nyingi inafanya kazi tu kama tiketi ilinunuliwa kwa kadi ile ile.

Basi mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningechukua ya tatu leo, kwa sababu haina ada na haitanidhuru, na ningeitumia miezi sita huku agizo la kudumu likilipa salio lote. Nikifaulu, na nikiwa nimehakikisha kile kiti cha maili 40,000 kipo kweli kwenye njia yangu, ningeomba ya kwanza kwa mwaka mmoja. Kwenye kalenda, mwezi wa kumi na moja tangu nipate kadi, ningeandika: amua. Kabla ada ya pili haijakatwa ningepiga simu kusema nataka kufunga. Wakati mwingine wanakusamehe ada, wakati mwingine wanakupa maili za kukubakiza, wakati mwingine wanakutakia siku njema. Kwa kadi ya nembo ya shirika, maili zilizokwisha kuingia kwenye akaunti yako ya shirika kwa kawaida zinabaki zako. Pointi za benki ndizo hupotea ukifunga kadi kabla ya kuzihamisha.

Na hiyo ofa ya mwisho wa mwezi. Ofa hizi huisha na kuzaliwa upya, nyingine zikiwa nono zaidi, kwa hiyo usikimbizwe. Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Miezi mitatu ya masharti kwa kawaida huhesabiwa tangu benki ilipokubali ombi lako, si tangu kadi ilipofika mkononi. Kwa dola 800 kwa mwezi miezi mitatu ni dola 2,400, inaonekana inatosha. Kadi ikichelewa wiki tatu, umepoteza karibu 600, umebaki na 1,800, na maili 30,000 zimeondoka kwa dola 200. Ada ya mwaka haihesabiwi ndani ya zile 2,000.

Kwa hiyo omba kadi kama wiki sita kabla ya siku mnayonunua tiketi za familia, na mwaka huo tiketi zote nne zipite kwenye kadi yako. Ni dola 2,240 kwa siku moja, sharti limetimia kabla ya chakula cha jioni. Mume wako akuhamishie zake 1,680 siku hiyo hiyo, uziingize kwenye kadi usiku ule, msingoje taarifa ya mwezi. Chagua tiketi mtakazosafiria kweli: ikirudishwa fedha, benki inautoa muamala kwenye hesabu, na wakati huo miezi mitatu inaweza kuwa imekwisha.